Vidonge vya Bi Hidaya

Morogoro, 4 Machi 1910

Kwa ndugu yangu Stambuli,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. Sisi wazima, ila mmoja, na huyo nitamfikia. Mvua imeanza vizuri. Shamba la Mafiga limeota mahindi mpaka njiani, na mbuzi wa jirani yetu Mwaisha wameyaona kabla yetu. Mjomba Salehe alishuka kutoka Mgeta na kikapu cha maharage, akashinda akilalamikia joto la mjini, kisha akarudi milimani kwake. Shemeji yako yuko mbele na mafundi wa reli, anakusalimu.

Mama hakusalimu. Nilipomwambia nakuandikia, alikuwa amesinzia na tonge la ugali mkononi. Hilo ndilo lililonikalisha niandike.

Unakumbuka mwaka jana alivyoteleza kwenye mteremko wa Mgeta akienda kumzalisha mwanamke, mguu ukavunjika chini ya goti. Msafiri mmoja akampa kasumba, ile afyuni ya kutuliza maumivu, kidonge kidogo kama punje ya mtama, akalala usingizi kwa mara ya kwanza tangu aanguke. Nilimshukuru msafiri yule kwa mikono miwili. Lakini mguu umeunga, Stambuli. Anatembea. Na punje ya mtama imekuwa punje ya kunde, na kunde sasa imekuwa haragwe, na bado anasema dawa ya siku hizi haina nguvu.

Nikwambie ninayoyaona, maana wewe huyaoni. Choo hapati wiki nzima, tumbo limekaza kama ngoma iliyoanikwa juani. Anajikuna uso na mikono mpaka ngozi inatoka vumbi, na mwilini hana hata upele mmoja. Mboni za macho zimekuwa ncha ya sindano, hata ndani ya nyumba penye giza. Chakula hataki ila chai yenye sukari nyingi. Kanga aliyokuwa akijifunga mara moja sasa inamzunguka mara mbili.

Haya yote ningeyanyamazia. Lakini juzi asubuhi aliitwa kwa Regina, mke wa Leonard seremala, kumzalisha. Nilimfuata kumbebea vitu. Mtoto alitoka salama. Mama akakaa kungojea kondo, akasinzia. Mama yetu, Stambuli, aliyezalisha nusu ya mji huu! Damu ilikuwa inamwagika mkekani, naye ameinamisha kichwa kama mtu anayesikiliza hadithi. Nikamsukuma pembeni, nikalikanda tumbo la Regina kama nilivyomwona akifanya tangu nikiwa mtoto, mpaka kondo likatoka na damu ikapungua. Regina yu hai. Mama alipozinduka aliniuliza kwa nini nimekaa mahali pake.

Najua wewe ndiye unayempelekea vidonge, kwa mkono wa Dadi anayechochea moto kwenye gari la moshi. Acha. Na omba ruhusa, uje umwone.

Dada yako,
Mwajuma


Dar es Salaam, 2 Aprili 1910

Dada yangu Mwajuma, shikamoo.

Barua yako ilifika, nikachelewa kujibu kwa kazi. Huku meli zimefuatana, mizigo ya reli imejaa ghalani, na bwana mkubwa wa Kidachi anataka kila sanduku liandikwe kabla halijagusa ardhi. Nimehamia chumba kingine, hiki hakivuji. Nimesikia Mwaisha ana mbuzi wengi sasa, mpe hongera.

Dada, nimesikitika sana. Sikusikitishwa na mama, nimesikitishwa na maneno yako. Mama ni mtu mzima, amevunjika mguu, na mvua ndiyo hii, mifupa ya wazee inauma. Dadi ananiambia mama alimlilia stesheni, akasema unamfichia dawa chini ya unga, na unamsimamia kama askari wa boma. Ndivyo tulivyolelewa? Yeye alitufichia dawa tulipougua?

Habari ya Regina nimeisoma. Mtu akikesha na mzazi, kusinzia si ajabu. Umesema mwenyewe kwamba wote wazima.

Nimempa Dadi kifurushi kingine. Tafadhali kifike kwa mwenyewe. Ruhusa sasa haiwezekani, na hata ikiwezekana sijui nije kufanya nini ambacho dawa haifanyi.

Mdogo wako,
Stambuli


Morogoro, 11 Aprili 1910

Stambuli,

Wote wazima, mbuzi pia. Sasa nisikilize.

Kifurushi chako kilichelewa, maana Dadi aliugua homa akabaki Kingolwira. Basi nikaona kitu ambacho ningependa ungekiona wewe, uliyekaa kwenye chumba kisichovuja.

Kwanza mama alianza kupiga miayo, mmoja juu ya mwingine, mpaka taya likalia. Pua na macho yakamwagika maji. Nikadhani mafua. Halafu vinyweleo vikamsimama mwili mzima, ngozi ikawa ya kuku aliyenyonyolewa, akawa anatetemeka chini ya mablanketi huku jasho linamtoka. Nikadhani homa, nikampa kwinini, akaitapika. Lile tumbo lililokuwa limefunga likafunguka lote kwa mara moja, nikawa nabadilisha nguo na kufua, nabadilisha na kufua. Miguu ikawa inarusha mateke yenyewe. Alisema kuna watu ndani ya mifupa yake wanatwanga. Mboni zile za sindano zikapanuka, jicho lote jeusi.

Nikalia. Nikajua mama anakufa.

Ndipo Dadi akabisha na kifurushi chako. Mama alikipasua kwa meno. Kabla chungu cha uji hakijachemka, miayo ilikoma, jasho likakauka, miguu ikatulia, akaniambia kwa sauti tamu kabisa: "Mwajuma mwanangu, mbona macho yako mekundu?"

Umeelewa au hujaelewa? Mguu haumo tena katika habari hii. Dawa ndiyo ugonjwa, na dawa hiyo hiyo ndiyo inayoutuliza ugonjwa iliouleta. Mwili wake umesahau kukaa bila hiyo.

Nimekwenda kwa Dhirajlal dukani kumwomba asimuuzie. Kumbe alishakataa. Mama yake mzee, Bi Taramati, yule asiyetoka nje, ndiye aliyemkataza. Anakula punje moja ya kasumba kila asubuhi tangu ujana wake huko kwao Bara Hindi. Akaniita ndani akaniambia: "Nikikosa punje yangu mimi si mtu, ni kitambaa. Sitaki mwenzangu afike nilipo." Basi mwenye duka, ambaye biashara ni yake, amekataa. Anayeleta ni mwana wa kumzaa.

Na wanawake hawamwiti tena mama kuzalisha. Asubuhi anakaa mlangoni na mkoba wake, anangoja. Nikimwambia aingie ndani, ananiambia: "Watakuja." Njoo umwambie wewe kama watakuja.

Mwajuma


Dar es Salaam, 20 Mei 1910

Dada Mwajuma, shikamoo, na salamu kwa wote.

Unaniandikia kama mimi ni mtoto aliyevunja mtungi. Nina umri wangu, dada.

Hata hivyo nimefanya ulichotaka. Nimemuuliza Gabrieli, mtu wa hospitali anayefunga vidonda, mjuzi na mpole. Amesema uliyoyaona ni kweli, ndivyo mwili unavyofanya ukinyimwa. Kijana huenda akavumilia, lakini mzee aliyekonda, akitapika na kuharisha hivyo, anaweza kukauka maji akafa. Kwa hiyo usimkatie ghafla. Apunguziwe kidogo kidogo, anywe maji ya chumvi na sukari, na mtu asibanduke karibu yake.

Unaona? Ungefuata hasira zako ungemuua.

Natuma kidogo kuliko kawaida. Kigawe wewe. Ruhusa bado, usiniulize tena habari ya ruhusa. Nilipomwona mara ya mwisho alikuwa amebeba mtungi kichwani, anaimba. Hivyo ndivyo ninavyomjua.

Stambuli


Mgeta, 30 Julai 1910

Kwa Stambuli,

Nakuandikia kutoka nyumbani kwa Mjomba Salehe. Ukungu unaingia mlangoni bila hodi. Maharage yamekauka, tunapura. Mjomba anakusalimu, anasema uliahidi kumletea kofia. Usijibu kwamba mimi ndiye niliyesahau.

Nilimpandisha mama mwezi wa sita, mbali na stesheni na mbali na Dadi. Nusu ya njia alitembea, nusu alibebwa na vijana wa mjomba kwenye machela, akiwatukana kwa Kiluguru matusi ambayo sikujua anayajua. Shauri la Gabrieli lilikuwa jema, nalikiri hilo. Tulikikata kidonge, tukakaa hivyo mpaka mwili ukazoea, tukakata tena. Kila tulipokata, mateso yalirudi, lakini mafupi, kama mvua ya mwisho wa masika.

Lakini usidhani ilikuwa rahisi. Usingizi ulimkimbia kabisa. Aliniita mchawi mbele ya watu. Alimwambia mjomba kwamba nataka afe nirithi mkoba wake. Siku moja alinipigia magoti, Stambuli. Mama alinipigia magoti mimi, akaniamkia shikamoo! Nilitoka nje nikakaa kwenye jiwe, nikakuchukia wewe, maana nilihitaji kumchukia mtu na yeye siwezi.

Sasa ni wiki ya tatu hajagusa kitu. Na mwili unarudi, kwa namna ya kuchekesha. Kikohozi chake cha zamani kimerudi, kile ambacho kasumba ilikuwa imekilaza. Amepiga chafya mfululizo mpaka wajukuu wa mjomba wakawa wanamngojea wacheke. Choo anapata. Jana alinusa maharage jikoni akasema, "Nani ameunguza?" akaja mwenyewe akayaonja, akala sahani, akaongeza. Machozi nayo yamerudi, yanamtoka bila sababu, hata kwa kuona kuku. Anasema alikuwa kama mtu aliyefungiwa ndani ya pamba, sasa kila kitu kinamgusa na kila kitu kinauma.

Mguu unamuuma wakati wa baridi, ndiyo. Unauma kama mguu wa mtu aliyevunjika zamani. Anaupaka mafuta ya moto na kulalamika. Mwache alalamike!

Tutashuka kabla ya Idi. Usilete kitu, usitume kitu, hata akikulilia. Hasa akikulilia.

Dada yako,
Mwajuma


Dar es Salaam, 9 Oktoba 1910

Dada Mwajuma, shikamoo.

Nimefika salama jana jioni. Gari lilisimama sana Kingolwira, lakini nikalala. Asante kwa Idi, pilau yako haina mfano, na Mjomba Salehe kofia imemkaa.

Dada, nimerudi moyo umetulia. Kwa barua zako nilitegemea kukuta maiti, nikamkuta mama anacheka, anamgombeza Mwaisha kwa ajili ya mbuzi. Ama umemponya kweli, na Mungu akulipe, ama ulikuza mambo, nawe tangu utoto una tabia hiyo, usikasirike.

Jambo moja nikwambie sasa, maana pale ungenipigia kelele mbele ya wageni. Asubuhi ya kuondoka alinishika mkono, akasema goti halimpi raha, na wewe humwamini hata kwa punje. Alilia. Nilikuwa na kidonge kimoja nilichokichukua kama akiba. Nilimwachia. Ni cha mara moja tu, cha Idi. Mtu aliyekwisha kupona hawezi kudhuriwa na kidonge kimoja.

Mdogo wako mpenda amani,
Stambuli


Morogoro, 10 Oktoba 1910

Stambuli,

Sina salamu.

Jana baada ya adhuhuri nilitoka kuanua mihogo. Niliporudi, mama alikuwa ameegemea ukuta, kidevu kifuani, anakoroma mkoromo wa ajabu, mrefu, kisha kimya. Nikangoja mkoromo wa pili. Haukuja. Nikamshika uso. Midomo ilikuwa ya rangi ya zambarau, na mboni zile za sindano zimerudi.

Nikampiga kofi. Nilimpiga mama yangu kofi, kwa nguvu zangu zote. Akavuta pumzi moja, ndefu. Akanyamaza tena.

Nikapiga yowe, Mwaisha akaja mbio na unga mikononi. Tukamkalisha. Tukammwagia maji. Mwaisha, unajua sauti yake, akamwinamia sikioni: "Bi Hidaya! Vuta pumzi!" Akavuta. Tukasubiri. Hakuna. "Vuta!" Akavuta. Ndipo tukaelewa. Hakuwa anashindwa kupumua, alikuwa anasahau. Ukimwambia, anafanya, kama mtoto mtiifu. Ukinyamaza, mwili unakaa kimya, hauna haja ya hewa.

Basi hatukunyamaza. Mimi upande huu, Mwaisha upande ule. "Vuta, mama. Tena. Vuta." Sauti ikinikauka, anapokea yeye. Tulimfinya, tulimsugua kifua kwa ngumi, tulimsimamisha tukamburuta uani akiwa mzito kama gunia lililolowa. Mara moja nilipaliwa nikakohoa, Mwaisha akadhani mimi ndiye ninayesema, nami nikadhani yeye. Katika kimya hicho kidogo mama alianza kuwa baridi vidoleni. Nilimpigia kelele kama yeye alivyokuwa akiwapigia wanawake kwenye uzazi: "Usilale! Kazi haijaisha! Vuta!"

Mpaka jua linazama. Hapo pumzi zikaanza kuja zenyewe, moja moja, kama mtu anayejaribu viatu. Akafungua macho. Mwaisha akampa kahawa chungu, akaitema. Nikamuuliza, "Umekula nini?"

"Haragwe langu," akasema. "Lile la kawaida."

"Nani kakupa?"

Akageukia ukutani. Hakukutaja. Nami sikuhitaji kutajiwa.

Yuko hai. Amelala ubavu, nimeweka mkono mgongoni mwake na ninaandika kwa mkono mwingine, ndiyo maana mwandiko huu mbaya. Ukipokea barua hii, usitume chochote.

Mwajuma


Dar es Salaam, 18 Oktoba 1910

Dada, shikamoo.

Nimepata barua yako. Nilikwenda kwa Gabrieli, sikumkuta, nikamngoja mlangoni. Anasema mwili ukikaa bila kasumba unapoteza ule uwezo wa kuihimili. Kipimo kilichokuwa hakimtoshi zamani sasa kinatosha kumzimisha. Anasema wengi hufa hivyo, baada ya kupona. Nilimuuliza kwa nini hakuniambia mwezi wa tano. Akasema sikumuuliza.

Nimempa Dadi sukari na kanga mbili za mama, na blanketi.

Stambuli


Morogoro, 1 Novemba 1910

Ndugu yangu,

Sukari imefika. Kanga zimefika. Blanketi limefika. Umeambiwa usitume chochote, umetuma vitatu. Nivitupe? Nimevipokea, nikakaa navyo, nikacheka peke yangu mpaka Mwaisha akaja kuniangalia.

Mama anaendelea. Vidole vya mkono wa kushoto vina ganzi tangu siku ile, na mkono hauna uhakika. Amempa Regina mkoba wa ukunga, maana Regina ndiye anayejifunza kwake sasa. Mimi sikutaka, nina kazi ya kutosha.

Nilitaka kukuandikia maneno mengi. Nimeyatunga shambani, nimeyatunga nikifua, mengine yangekutoa machozi. Lakini mama ameniona na kalamu akasema, "Leo naandika mimi. Wewe fuata ninavyosema, usitie chumvi." Kwa hiyo haya ni yake, kama alivyoyasema:

"Stambuli, mimi mzima. Mwajuma amenipiga kofi, taya bado linauma, nimemsamehe.

"Bado naitaka. Usidanganywe na mtu akikuambia hamu imekwisha. Nikiamka naitaka, nikisikia gari la moshi linapiga honi naitaka kuliko nilivyomtaka baba yenu. Mwili una akili yake, na akili hiyo haina haya. Siku ile nilikulilia kwa ajili ya goti. Goti lilikuwa haliniumi.

"Kwa hiyo nikilia tena, usiniamini. Lakini usikimbie pia. Wewe ulikuwa unanipelekea vidonge kwa sababu hukutaka kuniona nikiwa hivi. Nilijua. Ilinifaa, nikanyamaza. Tulifaana vibaya, mimi na wewe, na huyu hapa akawa anafua mashuka.

"Sasa sikiliza amri, maana mimi ni mama yako na sijafa. Hiyo sukari ni ya mwisho. Mwezi ujao omba ruhusa, wakikataa ugua. Uje mikono mitupu. Usije siku ya sikukuu niliyovaa na kucheka. Uje siku yoyote, unikute nimenuna, pua inachuruzika, nakutukana wewe na waliokuzaa. Uvute kigoda, ukae. Nikikuomba, useme hapana. Nikikuomba tena, useme hapana tena. Dada yako amechoka kusema peke yake."

Amesema yamekwisha, niandike jina lake. Anauliza gari la Jumamosi linafika saa ngapi, ajue wakati wa kukungojea.

Hidaya, mama yako
kwa mkono wa Mwajuma